Jinsi ya kukadiria wagonjwa na vifo wakati wa janga, hatua kwa hatua

Kila mlipuko unapoanza, maswali huwa yale yale. "Nitumie fomula ipi?" "Nina takwimu za wiki nne tu, zinatosha?" "Nikigawanya vifo kwa wagonjwa, si ndiyo asilimia ya wanaokufa?" "Mkuu anataka namba moja, nimpe ipi?" Wanaouliza ni watu walio kazini: mtunza kumbukumbu wa hospitali, afisa afya, muuguzi kiongozi aliyepewa kazi ya kupanga vitanda kwa sababu tu anajua kutumia lahajedwali (programu ya majedwali kama Excel). Mwongozo huu ni wenu. Hesabu zake ni za kuzidisha na kugawanya. Kinachohitajika zaidi ni uaminifu kwa takwimu ulizonazo na utayari wa kurudia kazi kila wiki.

Shika jambo moja kabla ya yote. Tunakadiria ili tupate tarehe: siku vitanda vitakapojaa, siku oksijeni itakapopungua, na kwa hiyo siku ya mwisho ya kuagiza. Ukimaliza kazi yako ukawa na idadi bila tarehe, hujamaliza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Orodha ya wagonjwa, mstari mmoja kwa kila mtu: umri, jinsia, tarehe dalili zilipoanza, tarehe ya kipimo, tarehe ya kulazwa, tarehe ya kuruhusiwa au kufariki. Kama orodha haipo, jumla za kila siku zinafaa, mradi ujue ni jumla za tarehe ipi kati ya hizo.
- Idadi ya vipimo vilivyofanywa kila siku, pamoja na vilivyotoa majibu hasi.
- Idadi ya watu wa eneo unalohudumia, kwa makundi ya umri.
- Vitanda vyenye oksijeni, vitanda vya wagonjwa mahututi, mitungi, na wauguzi kwa zamu. Nenda ukahesabu kwa macho yako. Mashine ya kupumulia iliyoko stoo bila mipira yake usiihesabu.
- Muda wa kungoja kwa kila kitu kinachoagizwa, tangu siku ya kusaini hadi siku ya kupokea.
- Rekodi ya vifo vya sababu zote kwa miaka mitano iliyopita, kwa wiki au kwa mwezi.
- Mtu mmoja wa wodini atakayekuambia ukweli namba zako zikipingana na anachokiona.

Ukikosa kimoja au viwili, anza hivyo hivyo. Ukikosa tarehe, simama kwanza uzitafute.

Hatua ya 1: Andika uamuzi unaosubiri makadirio haya

Sentensi moja, juu kabisa ya ukurasa. Kwa mfano: "Tuna vitanda 60 vyenye oksijeni. Je, tufungue wodi ya pili, na lini?" Sentensi hiyo inakuambia ukadirie nini, kwa eneo gani, na kwa muda gani mbele. Anayepanga vitanda anahitaji wiki tatu au nne mbele. Anayepanga chanjo au bajeti anahitaji miezi, na hiyo ni kazi ya aina nyingine ambayo hesabu hizi haziiwezi.

Hatua ya 2: Panga wagonjwa kwa tarehe ya dalili, kisha tenga siku za mwisho

Tarehe ya kuripotiwa inakueleza kasi ya karatasi. Tarehe ya dalili inakueleza kasi ya ugonjwa. Panga kwa tarehe ya dalili, halafu jumlisha kwa wiki ili tofauti za Jumamosi na Jumapili zisikusumbue. Ukitaka picha ya kila siku, tumia wastani wa siku saba.

Sasa angalia mwisho wa mchoro wako. Karibu kila mara utaona mstari umeshuka. Usifurahi. Aliyeanza kuumwa juzi huenda bado yuko nyumbani, au amepimwa na majibu hayajatoka, au fomu yake iko kwenye meza ya mtu. Mara ya kwanza nilipofanya kazi hii nilipeleka kwenye kikao mchoro wenye mteremko wa namna hiyo, na kwa sababu yake wodi moja ikarudishwa kwenye matumizi ya kawaida. Wiki iliyofuata fomu zilizochelewa ziliingia na mteremko ukatoweka. Wagonjwa walilala kwenye korido. Tangu siku hiyo sijaamini siku za mwisho za mchoro wowote.

Tiba yake ni rahisi: kila siku hifadhi nakala ya takwimu kama zilivyo siku hiyo, bila kufuta ya jana. Baada ya wiki mbili linganisha nakala. Kama wagonjwa wa Jumamosi walionekana 12 ulipotazama Jumatatu, na ulipotazama tena wiki moja baadaye wakawa 30, basi takwimu zenye umri wa siku mbili zimekamilika kwa asilimia 40 tu. Unaweza kugawanya kwa 0.4 ili kukisia zitakapofikia, au ukaziacha nje kabisa. Anayeanza, namshauri aziache nje.

Hatua ya 3: Pima kasi

Tuchukue mfano wa kujifunzia, namba ni za kubuni. Wagonjwa waliothibitishwa ni 40 wiki ya kwanza, 62 ya pili, 97 ya tatu, 150 ya nne. Gawanya kila wiki kwa iliyotangulia: 62 kwa 40 ni 1.55, 97 kwa 62 ni 1.56, 150 kwa 97 ni 1.55. Kwa jumla, 150 kwa 40 ni 3.75 ndani ya hatua tatu, na mzizi wake wa tatu (namba ambayo 1.554 × 1.554 × 1.554 hurudisha 3.75) ni 1.554. Hiyo ndiyo kasi yako kwa wiki.

Igeuze iwe muda wa kuongezeka maradufu, kwa sababu ndiyo lugha ambayo kikao chochote kitaielewa. Kasi ya 1.554 kwa wiki ni ongezeko la kama asilimia 6.5 kwa siku (mzizi wake wa saba ni 1.065). Kanuni ya haraka ni kugawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko: 70 kwa 6.5, unapata kama siku 11. Yaani kila baada ya siku 11 wagonjwa wapya wanakuwa mara mbili.

Chora pia mchoro kwa kipimo cha logarithimu, ambacho kila hatua ya mhimili ni kuzidisha (10, 100, 1,000); lahajedwali lolote lina chaguo hilo kwenye mhimili. Ukuaji wa kasi moja hutokea kama mstari ulionyooka. Mstari ukianza kulala, kasi inapungua, na hapo tumia wiki mbili za mwisho zilizokamilika badala ya zote nne.

Tahadhari: kabla ya kuamini kasi yoyote, tazama vipimo. Kama vipimo navyo vimeongezeka kwa 1.55 kila wiki na sehemu ya walioonekana na ugonjwa haijabadilika, huenda umepima kasi ya maabara.

Hatua ya 4: Songa mbele wiki nne, kwa kasi tatu

Zidisha wiki ya mwisho kwa kasi, kisha jibu lake kwa kasi tena, hadi wiki ya 8. Fanya hivyo mara tatu: kasi uliyoipima, kasi ya chini na kasi ya juu.

- Kasi ya chini, 1.3: wagonjwa 195, 254, 330, 428.
- Kasi iliyopimwa, 1.554: 233, 362, 563, 875.
- Kasi ya juu, 1.8: 270, 486, 875, 1,575.

Watu huniuliza 1.3 na 1.8 zimetoka wapi. Kwenye mfano huu wiki zote zimekwenda kwa kasi karibu sawa, na mtu anaweza kudanganyika kwamba anaijua kasi barabara. Lakini wiki nne ni chache, na watu hubadili mwenendo wakisikia majirani wanaumwa: wengine hujitenga, mikusanyiko hupungua, au sikukuu inafika na wote wanasafiri. Kwa hiyo panua mipaka kuliko takwimu zinavyokuambia. Ukiwa na historia ya mawimbi yaliyopita, angalia kasi ilivyobadilika ndani ya wiki nne wakati ule na utumie upana huo.

Tazama pia kinachofichwa na jedwali hilo: 875 inatokea mara mbili. Kasi ikiwa ya juu, mzigo wa wiki ya 8 unakufikia wiki ya 7. Tofauti ya kasi, mbele ya anayeagiza mitungi, ni wiki moja aliyoipoteza.

Na usiende mbali zaidi ya hapo. Kwa wiki nne, kasi ya juu imezaa karibu mara 3.7 ya kasi ya chini. Ukienda wiki nane, pengo linafika zaidi ya mara 13, na upana huo haumsaidii mtu kuamua chochote.

Hatua ya 5: Kutoka wagonjwa hadi wanaolazwa

Unahitaji namba mbili: sehemu ya wagonjwa wanaolazwa, na siku zinazopita kati ya dalili na kulazwa. Zitoe kwenye orodha yako mwenyewe. Chukua tu watu ambao dalili zao zilianza wiki mbili au zaidi zilizopita, maana walioanza jana hawajapata muda wa kuzidiwa. Tuseme umepata asilimia 8 hulazwa, wiki moja baadaye. Wagonjwa 875 wa wiki ya 8 wanaleta watu 70 wodini wiki ya 9, yaani 10 kwa siku. Kwa kasi ya chini ni 34, kwa kasi ya juu ni 126.

Kama orodha yako ina umri, fanya hesabu hii kwa kila kundi la umri peke yake, kisha jumlisha. Faida yake ni kubwa. Kwa UVIKO-19, uchambuzi wa tafiti za mwaka 2020, kabla ya chanjo, ulikadiria kwamba kati ya walioambukizwa hufariki kama asilimia 0.01 wakiwa na miaka 25, 0.4 wakiwa na miaka 55, 1.4 kwa miaka 65, 4.6 kwa miaka 75 na 15 kwa miaka 85. Asilimia moja ya jumla kutoka kwenye nchi ya wazee, ukiibandika kwenye nchi ya vijana, inakupoteza kabisa.

Usihamishe umri wa janga moja kwenda jingine. Mafua ya 1918 yaliua kwa wingi watu wenye nguvu zao, wa miaka 20 hadi 40. Aliyejiandaa kwa ajili ya wazee peke yao angekuta wodi imejaa akina mama wajawazito na vijana.

Hatua ya 6: Kutoka kulazwa hadi vitanda

Zidisha wanaolazwa kwa siku mara siku wanazokaa. Watu 10 kwa siku, wastani wa kukaa siku 9: vitanda 90. Kasi ya chini inatoa 44, ya juu 162.

Hesabu hiyo inazidisha kidogo wakati mlipuko unapanda, kwa sababu waliolazwa siku tisa zilizopita walikuwa wachache kuliko wa leo. Ukitaka usahihi, jumlisha waliolazwa katika siku tisa zenyewe: 70 wa wiki ya 9, ongeza siku mbili za wiki ya 8 ambayo ilikuwa na kama 6.4 kwa siku (asilimia 8 ya 563, gawanya kwa 7), unapata 83. Mlipuko ukishuka kosa linageuka: kuzidisha kutakupa vitanda vichache kuliko vinavyokaliwa. Hapo ndipo wodi hufungwa mapema.

Sasa rudi kwenye vitanda 60 vya hatua ya 1. Kwa kasi iliyopimwa, wiki ya 8 inatumia vitanda 58 na wiki ya 9 inavuka. Kwa kasi ya juu unavuka ndani ya wiki ya 8. Kwa kasi ya chini hujafika hata wiki ya 9. Hiyo ndiyo tarehe uliyokuwa unaitafuta.

Tahadhari: wastani wa siku za kukaa uhesabu kwa walioruhusiwa na waliofariki, lakini jua kwamba mwanzoni mwa mlipuko waliomaliza ni wale waliomaliza haraka. Wagonjwa wa muda mrefu bado wako kitandani, na hawamo kwenye wastani wako. Ukianza na siku 6, usishangae zikiwa 9 mwezi unaofuata.

Hatua ya 7: Kutoka vitanda hadi oksijeni na mikono ya watu

Hapa ndipo makadirio yanapokuwa uhai wa mtu, na ndipo wengi huishia njiani wakadhani kitanda ndicho huduma.

Hesabu mgonjwa mmoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wakati wa UVIKO-19 ulitumia lita 10 za oksijeni kwa dakika kwa mgonjwa mwenye hali kali na lita 30 kwa mahututi. Mtungi mkubwa wa hospitali hubeba kama lita 6,800. Kwa lita 10 kwa dakika, mtungi huo unaisha baada ya dakika 680, yaani saa 11 na dakika 20. Ukifungwa saa moja usiku, saa kumi na mbili na dakika ishirini alfajiri umekwisha, na lazima awepo mtu macho wa kuubadilisha. Mgonjwa mmoja, mitungi miwili na zaidi kwa siku.

Kwenye mfano wetu, kati ya watu 90 walioko vitandani tuseme 60 wako kwenye oksijeni, wote kwa lita 10. Hizo ni lita 864,000 kwa siku, mitungi 127. Kila siku. Iandike namba hiyo kwa ukubwa, kisha umuulize mleta mitungi gari lake linabeba mingapi na linazunguka mara ngapi. Mara nyingi kikwazo cha kwanza ni gari au mitungi mitupu inayochelewa kurudi kujazwa, kabla hata kiwanda hakijaelemewa.

Wauguzi wahesabu kwa zamu, ukiwatoa watakaougua. Muuguzi aliyeambukizwa hukosekana kwa siku kadhaa, na mara nyingi wanaugua pamoja kwa sababu wanafanya kazi pamoja. Ukipanga kana kwamba wote watakuwepo, unawapangia waliobaki zamu mbili mfululizo.

Hatua ya 8: Vifo

Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kugawanya vifo vya leo kwa wagonjwa wa leo. Chukua wagonjwa wa mfano wetu, na vifo tuvibuni kwa ajili ya somo hili tu (havilingani na asilimia za wodini hapo chini): tuseme wiki ya 4 wamefariki watu 3. Ukigawanya kwa wagonjwa 150 wa wiki hiyo unapata asilimia 2. Lakini anayefariki wiki hii aliugua kama wiki tatu zilizopita, wakati wagonjwa walikuwa 40. Tatu kwa 40 ni asilimia 7.5. Ugonjwa ni ule ule, watu ni wale wale, na jibu la kwanza limepunguza hatari karibu mara nne. (Vifo 3 navyo ni vichache, mpaka wake ni mpana, na useme hivyo.)

Hili limetokea kweli. Mwaka 2003, wakati wa SARS (ugonjwa wa mapafu wa virusi vya jamii ya korona), hesabu za moja kwa moja za wiki za mwanzo zilikaa chini ya asilimia 5. Mlipuko ulipokwisha walikuwa wamefariki 774 kati ya wagonjwa 8,098, karibu asilimia 10. Virusi havikuwa vimekuwa vikali zaidi. Waliokuwa bado wamelazwa walikuwa hawajafikia mwisho wao.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Mlipuko ukianza, wanaopimwa kwanza ni waliozidiwa, na wenye dalili ndogo hawaonekani. Mwaka 2009 mafua ya H1N1 yalionekana mwanzoni kuwa ya kuua mno kwa sababu hiyo. Basi tenganisha maneno yako: vifo kati ya wagonjwa waliothibitishwa ni kitu kimoja, vifo kati ya wote walioambukizwa ni kingine. Andika ni kipi unachotumia, kila mara.

Njia iliyo imara kwa anayeanza ni kupitia wodini: kati ya waliolazwa, wanafariki wangapi, na baada ya siku ngapi. Tuseme asilimia 15, wiki mbili baada ya kulazwa. Watu 70 wa wiki ya 9 wanamaanisha vifo 10 au 11 wiki ya 11, kati ya 5 kwa kasi ya chini na 19 kwa kasi ya juu. Kisha ongeza mstari wa tahadhari: asilimia hiyo ni ya wodi yenye nafasi na oksijeni. Vitanda vikijaa, itapanda.

Waliofariki nyumbani hawamo hapa. Kwa hao tumia vifo vya ziada: chukua vifo vya sababu zote vya wiki hii, toa wastani wa wiki kama hii kwa miaka mitano iliyopita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 duniani kwa miaka 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya UVIKO-19 vilikuwa kama milioni 5.4. Sehemu ya pengo hilo ni watu ambao hawakupimwa, na sehemu ni waliokufa kwa maradhi mengine kwa kukosa nafasi ya kutibiwa. Wote ni wa kupangiwa: chumba cha maiti, usafiri, na mazishi ambayo familia itaruhusiwa kuaga bila kuhatarishwa. Ongea na wahusika wa mazishi mapema. Familia zisigundue mpango siku ya msiba.

Hatua ya 9: Angalia dari

Hesabu ya kuzidisha haijui kwamba watu wana mwisho, kwa hiyo wewe lazima ujue. Kama kutoka mtu mmoja kuambukizwa hadi yeye kumwambukiza mwingine zinapita kama siku 5, kasi ya 1.554 kwa wiki inamaanisha kila mgonjwa anaambukiza watu 1.37 hivi. Kwa namba hiyo, bila kinga yoyote ya awali na bila watu kubadilika, wimbi zima lingegusa karibu nusu ya watu. Akiambukiza watu 1.5, ni asilimia 58, na akiambukiza 2, ni asilimia 80. Makadirio yako yakipita dari hilo, kuna kosa mahali. Yakilikaribia, kasi ingekuwa imeshuka kabla, nawe acha kuzidisha.

Hatua ya 10: Andika ukurasa mmoja

Mkuu wako atasoma mistari mitatu. Ya mfano wetu ningeiandika hivi: "Kasi ikibaki ilivyo, vitanda 60 vyenye oksijeni vitajaa mwishoni mwa wiki ya 8. Ikiongezeka, tutavuka katikati ya wiki ya 8. Ikipungua, tuna zaidi ya wiki ya 9. Mitungi huchukua wiki tatu kufika, hivyo agizo lisainiwe wiki hii." Chini yake weka jedwali la kasi tatu, na maneno yanayoeleza ulichokichukulia kuwa kweli.

Neno "kasi ikibaki ilivyo" usilifute hata ukiambiwa linarefusha. Septemba 2014, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilikadiria kwamba bila hatua za ziada, Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikia wagonjwa milioni 1.4 wa Ebola ifikapo tarehe 20 Januari 2015, baada ya kufidia wasioripotiwa. Hatua zilichukuliwa, vituo vya matibabu vilifunguliwa, mazishi salama yakapangwa, na mlipuko wote wa Afrika Magharibi ukaishia na wagonjwa zaidi ya 28,600 na vifo zaidi ya 11,300. Waliosoma milioni 1.4 peke yake walisema wataalamu walikosea. Waliosoma "bila hatua za ziada" waliona namba imefanya kazi yake.

Hatua ya 11: Kila wiki, linganisha na yaliyotokea

Hifadhi makadirio ya kila wiki bila kuyarekebisha. Wiki ikipita, andika kilichotokea pembeni. Hesabu ni mara ngapi ukweli umeangukia kati ya mpaka wa chini na wa juu. Ukitoka nje ya mipaka kila mara ya pili, mipaka yako ni myembamba mno, ipanue. Ukikosea upande mmoja wiki tatu mfululizo, kasi yako imepitwa na wakati.

Mambo yakikwama

*Vipimo vimepungua au vimeisha.* Acha kuhesabu waliothibitishwa. Fuata wanaolazwa, na anza hesabu hatua ya 5 ukitumia kasi ya waliolazwa. Utachelewa wiki moja kuona mabadiliko, na useme hivyo kwenye ukurasa wako.

*Namba imeruka ghafla siku moja.* Mara nyingi ni mrundikano wa fomu ulioingizwa pamoja. Ukipanga kwa tarehe ya dalili, mrundiko utajisambaza wenyewe kwenye siku zake. Ukiwa na tarehe ya kuripoti tu, piga simu uulize kabla ya kuchora.

*Wagonjwa ni wachache, chini ya 20 kwa wiki.* Usipime kasi. Mgonjwa mmoja wa ziada atakubadilishia kila kitu. Azima kasi ya eneo jirani lililotangulia kuguswa, na upanue mipaka.

*Wagonjwa wapya wanapungua lakini vifo vinapanda.* Hakuna kilichoharibika. Vifo hufuata wagonjwa kwa wiki mbili au tatu. Waeleze watu hivyo kabla haijatokea, maana ikitokea ndipo uvumi huanza.

*Idadi ya wanaolazwa imetulia ghafla na inabaki pale pale.* Hili ndilo la kuogopa. Kabla ya kusema mlipuko umetulia, nenda mapokezi ukaulize wangapi wamerudishwa leo. Wodi iliyojaa huonyesha mstari ulionyooka uliotulia kabisa, huku watu wakifia nyumbani. Kama vitanda vinavyokaliwa viko karibu na vitanda vilivyopo, mstari huo unapima vitanda na haupimi ugonjwa. Tazama simu za gari la wagonjwa, waliorudishwa, na vifo vya ziada.

*Makadirio hayakutimia.* Tafuta sababu ni ipi kati ya mbili: watu walibadilika, au ulikosea. Kama mikusanyiko ilizuiwa wiki ya 5 na kasi ikashuka wiki ya 6, andika hivyo. Kama hakuna kilichobadilika, rudi hatua ya 2, maana kosa mara nyingi liko kwenye siku za mwisho ulizozihesabu kabla hazijakamilika.

*Mkuu bado anataka namba moja.* Mpe tarehe ya kusaini agizo, ukiihesabu kutoka kwenye kasi ya juu. Mitungi ikiwahi kufika wiki moja, itakaa stoo wiki moja. Ikichelewa wiki moja, kwa mfano wetu, kutakuwa na wodi yenye watu wengi kuliko oksijeni kwa siku saba, na muuguzi wa zamu ya usiku ndiye atakayelazimika kuchagua.